Binti yangu anataka kufunga siku tatu bila hata maji. Kanisa linasema nini hasa?

Mama_Maweni

Tumsifu Yesu Kristu. Naomba mawazo, hasa kwa Wakatoliki wenzangu wa huku Malindi, na kama kuna padre au katekista humu ndani tafadhali asinipite.

Nina binti wa miaka 16, yuko sekondari. Mtoto mtulivu, anaimba kwaya, hajawahi kunipa shida. Likizo ya Desemba alianza kwenda maombi nyumbani kwa dada mmoja hapa mtaani. Si kanisa, ni sebule tu ya mtu. Wanaimba, wanaomba, halafu wanasikiliza mahubiri kwenye simu. Sikuona ubaya.

Sasa Jumatano ya Majivu ni Februari 18 mwaka huu wa 2026, na ameniambia siku hiyo anaanza siku tatu "kavu". Asile kitu, asinywe hata maji, mpaka ajibiwe ombi lake. Ombi gani, hasemi. Jumapili iliyopita alijaribu siku moja. Nilimpakulia wali na mchuzi wa papa, nikafunika kwa sahani nyingine. Asubuhi nafunua, mchuzi umeganda umefanya ngozi juu, hajagusa hata punje. Akaenda shule hivyo hivyo, midomo imembabuka.

Baba yake anasema mwache, heri afunge kuliko azurure ufuoni na vijana. Mimi sina amani, na watu wa Malindi mnajua kwa nini. Mwaka 2023 nilikuwa nauza mahamri njia ya hospitalini, na yale magari ya maiti kutoka Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga mpaka kufa, yalikuwa yanapita mbele yangu. Tangu hapo nikisikia neno kufunga kwa mtoto, mwili wote unanisisimka.

Lakini pia naogopa kusimama kati ya mtoto na Mungu wake. Je, nikimlazimisha ale natenda dhambi? Na sheria ya Kanisa ni ipi? Kila mwaka tunapakwa majivu, ila sijawahi kuelezwa kinagaubaga.

---

Katekista_Kigangoni

Milele na milele, Amina. Mama, kwa kifupi: mtoto wa miaka 16 hana wajibu wa kufunga. Wajibu unaanza akitimiza 18. Na hata huyo wa 18 haambiwi akae bila maji.

Ninalotaka kujua ni hili: huyo binti yuko kwenye jumuiya yenu ndogo ya Kikristo? Jumuiya inajua anasali wapi siku za wiki? Maana sisi huku vigangoni, kwenye makanisa madogo ya parokia, tumejifunza kwa uchungu. Mtu akianza kusali mahali ambapo hakuna anayemjua mama yake, uliza mapema.

---

Padre_wa_Sabaki

Milele na milele, Amina. Mama, mimi ni paroko katika jimbo letu hili la Malindi. Parokia sitaitaja, kwa kuwa waumini wangu wana siri zao na nisingependa watu waanze kuwakisia humu. Nitaandika kwa urefu, univumilie.

Nianze na dhambi. Hapana, hutendi dhambi. Mzazi amepewa mtoto amtunze, mwili na roho kwa pamoja, na kumnywesha maji mtoto mwenye kiu ni kazi ya Mungu mikononi mwako. Hujasimama kati yake na Mungu.

Sheria yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Siku za kufunga kwa wajibu ni 2 tu mwaka mzima: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Zinamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapoingia mwaka wake wa 60. Kufunga kwenyewe maana yake ni mlo mmoja kamili, na asubuhi na jioni unaruhusiwa kutia kitu kidogo tumboni. Maji hayakukatazwa. Dawa hazikukatazwa. Kujinyima nyama ndiko kunakoanza mapema, miaka 14, kwa hiyo hilo binti yako analo. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha, hao wasijibebeshe mzigo. Na paroko akiona sababu ya haki, anaweza kumwondolea mtu wajibu huo au kuubadilisha kwa tendo jingine jema. Hayo ni utaratibu wa Kanisa lenyewe, wala hayakutungwa na padre fulani mwenye huruma.

Tena umesema alijaribu Jumapili. Jumapili hatufungi, hata katikati ya Kwaresima, kwa sababu ni siku ya Ufufuko. Ndiyo maana ukihesabu kuanzia Majivu mpaka Jumamosi Kuu unapata siku 40 ukishaziacha Jumapili. Kwa hiyo anayemwongoza binti yako, hata awe na nia njema namna gani, hamfundishi mapokeo yetu. Hilo mwambie waziwazi, bila kumtukana yule dada wa watu.

Ukame ulipotubana mwaka 2022, mimi niliwatangazia watu wa vigango vya bara wasifunge kabisa. Nilikuta nyumba ambazo sufuria ilikuwa inateleka majani ya porini na kitu kingine hakuna. Mzee mmoja akaniuliza, sasa Padre, Kwaresima yetu itakuwa nini? Nikamwambia wewe chunga tu jirani yako asilale njaa peke yake. Mtu ambaye nyama anaiona Krismasi, ukimwambia aache nyama Ijumaa hujamwambia kitu. Huyo namtafutia lingine: aache muguka, yale majani ya kutafuna, aache mnazi wa jioni, amrudie mke aliyemnunia, amlipe kibarua wake ambaye amemzungusha tangu mwaka jana. Nawaambia waumini, na ninaamini kwa moyo wangu wote, kwamba kumlipa kibarua ni kufunga kuliko kukosa chakula cha mchana.

Mama yangu mzazi hakusoma. Siku za Kwaresima alikuwa na sufuria ndogo pembeni ya ile kubwa. Unga aliopunguza kwenye sima yetu uliingia mle, na jioni mmoja wetu alitumwa na bakuli kwa bibi mmoja mjane aliyekaa ng'ambo ya shamba. Mama hakulieleza kamwe. Tulijua tu kwamba sima ikipungua huku, kuna mahali imefika. Nilipokuja kusoma Isaya sura ya 58 seminarini sikupata taabu kuielewa. Nabii anasema funga anayoipenda Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumvika aliye uchi, na usimpe kisogo mtu wa damu yako. Hilo la mwisho, mama, lisome mara mbili. Mtu wa damu yako. Funga inayomfanya mtoto amfiche mama yake ombi lake, Isaya haitambui.

Sasa nije kwenye kile ulichokiandika kwa mstari mmoja na ukakipita. Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule kuanzia Aprili 2023, na kati yao watoto wengi. Nimekaa na baadhi ya familia. Kesi iko mahakamani, siingii huko. Lakini kama mchungaji naona lazima niseme jambo ambalo wazazi wengi wa huku hawajaliona: njaa ilikuja mwisho. Kwanza watoto walitolewa shule. Kisha hospitali ikaitwa ya shetani. Kisha watu wakauza mali, wakaacha kazi, wakawakata jamaa zao, wakahamia mahali ambapo hakuna shangazi wa kubisha hodi. Ilipofika zamu ya chakula, hapakuwa na mtu amebaki wa kuuliza mbona huli.

Kwa hiyo usiitazame sahani peke yake. Sahani ni ya kuogopesha kwa sababu inaonekana. Tazama haya mengine. Bado anapenda shule? Akiumwa kichwa anameza dawa? Kwaya bado anaenda, na rafiki zake wa zamani bado wanakuja nyumbani? Mahubiri ya kwenye simu ni ya nani, na huyo mhubiri anasemaje juu ya wazazi? Je, wanaambiwa wasiseme nje wanayosikia mle sebuleni? Kama majibu ni mazuri, basi una mtoto mwenye bidii ya imani ambayo imekosa kipimo, na bidii hiyo ni zawadi, usiizime. Kama majibu ni mabaya, usingoje Majivu. Mwone paroko wako kesho, mwone na mwalimu wake, na huko sebuleni asirudi.

Nenda wewe mwenyewe kwenye maombi hayo. Piga hodi, keti, sali nao. Mahali pa heri watakukaribisha na kikombe cha chai. Mahali ambapo mama mzazi anaonekana ni mgeni asiyetakiwa, umeshapata jibu.

Na usimlazimishe kwa kumshikilia kijiko mdomoni. Funga naye. Siku ya Majivu mwambie: mwanangu, tutafunga wote nyumba nzima kama Kanisa linavyosema. Asubuhi uji kikombe kimoja, mchana tunaacha, jioni tunakula pamoja, na maji tunakunywa. Pesa ya mchana tunaitia kwenye bahasha ya Kwaresima. Injili ya siku hiyo ni Mathayo 6, Yesu anasema mfungapo nawa uso, paka mafuta kichwani, usiwe na uso wa kukunjamana. Mwana wa Mungu hataki kuona midomo imembabuka mtoto.

La mwisho ni ombi lake. Hilo ndilo ningelianza nalo kama ningekuwa nimeketi jikoni kwako. Mtoto wa miaka 16 haamui siku tatu bila maji kwa sababu ya mtihani wa hesabu. Kuna kitu kikubwa kinamsumbua, na anaona nyinyi wawili hamkiwezi, ndiyo akakipeleka juu. Muulize hilo kabla ya kumuuliza chakula.

---

Muuguzi_Magarini

Naongeza upande wangu, kwa vile naona tunaongea roho na mwili umesahaulika kidogo.

Huu ni msimu wa kaskazi, joto la Februari hapa pwani wote tunalijua. Mtu mzima akikaa siku tatu bila maji kwenye joto hili figo zinaweza kugoma, na anaweza kufa. Hili si la kutishana. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi au hapati kabisa, kizunguzungu akisimama, moyo unamwenda mbio, usingoje, mkimbize hospitali.

Kama ana selimundu, pumu au kisukari, hata siku moja kavu asithubutu. Selimundu hasa: maji yakipungua mwilini maumivu yanaamka, na huku pwani watoto wenye selimundu ni wengi kuliko wazazi wanavyojua.

Na kwa yeyote anayesoma: ukikutana na mtu aliyekaa siku nyingi bila kula, usimpakulie sima na nyama kwa furaha. Chumvi za mwilini zinavurugika ghafla, na wako wanaokufa wakiwa wameshaanza kula. Mpeleke hospitali, aanzishwe kidogo kidogo.

---

Mtu_wa_Langoni

Mniwie radhi kuingia, mimi ni Muislamu, niko Lamu. Nimeona nichangie kwa sababu mwaka huu Ramadhani na Kwaresima yenu zinaingia siku moja au zimeachana kwa siku, na vijana wetu wanatazamana.

Mama, hata kwetu sisi tunaofunga mwezi mzima hakuna hicho anachotaka kukifanya binti yako. Tunakula daku kabla ya alfajiri, na jua likizama tunafungua, na kuharakisha kufungua ni sunna. Kuunganisha siku kwa siku bila kufungua kunaitwa wisali, na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu. Mgonjwa na msafiri wanakula kisha wanalipa siku hizo baadaye. Mjamzito na anayenyonyesha wana ruhusa. Mzee asiyeweza tena analisha maskini mmoja kwa kila siku.

Padre hapo juu kasema la sufuria ndogo ya mamake. Hapa mtaani kwetu magharibi ikikaribia utaona watoto wanapishana vichochoroni na sahani zimefunikwa kawa, nyumba hii inapeleka tambi, ile inarudisha mkate wa sinia, na jirani zetu Wakristo wa Langoni sahani zinawafikia vilevile. Binti akiuliza, mwambie hata majirani zake Waislamu wana saa ya kunywa maji.

---

Mama_Maweni

Nimesoma yote, nikasoma tena. Mungu awabariki, na wewe ndugu wa Lamu ahsante sana.

Padre, nimefanya ulivyosema. Sikuanza na chakula. Jana usiku baba yake akiwa hajarudi na tuktuk, nilimkuta anakunja nguo, nikakaa kitandani kwake nikamuuliza ombi ni nini. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema: usiende.

Sikuwaandikia hapo mwanzo kwa sababu sikujua inahusiana. Pasipoti yangu imetoka. Kuna dada mmoja ananitafutia kazi za ndani Saudia. Mahamri hayalipi karo, na tuktuk ya mume wangu ni ya mkopo. Tulikuwa tumekubaliana mimi na baba yake tusimwambie mpaka tarehe ipatikane, asivurugike masomoni. Kumbe aliiona pasipoti kabatini tangu Novemba. Amekuwa akienda yale maombi kwa sababu yule dada aliwaambia siku tatu kavu huwa hazirudi mikono mitupu.

Nilimpa maji, akanywa glasi mbili hapo hapo. Tumelia wote. Lakini sasa sijui nimwambie nini, Padre. Siwezi kumwahidi kwamba siendi. Karo ya muhula huu bado.

---

Katekista_Kigangoni

Pole sana mama. Kuhusu karo, usikae kimya. Mwenyekiti wa jumuiya aambiwe, na umoja wa kina mama parokiani waambiwe. Huku kwetu tumewahi kuchangia muhula wa mtoto kwa sadaka ya jumuiya, kila mtu alichonacho, wengine walileta mahindi yakauzwa. Si aibu.

---

Padre_wa_Sabaki

Mama, usimwahidi usichoweza. Mtoto aliyeshikwa kwa ahadi ya uongo hataamini tena, si kwako tu, hata kwenye sala. Mwambie ukweli wote: karo ni kiasi gani, mkopo wa tuktuk umebaki kiasi gani, umefikiria nini. Ana miaka 16, hesabu hizo anaziweza. Na baba yake awepo. Hilo nalisisitiza, asilisikie kwako kama habari ya jikoni. Alisema heri mtoto afunge kuliko azurure; sasa ajue mtoto alikuwa anafunga kwa ajili ya nyumba yake.

Mwambie pia kwamba ombi lake halihitaji kiu ili lisikike. Yule dada anayesema siku tatu kavu hazirudi mikono mitupu anamfanya Mungu kuwa mtu wa biashara. Mungu alimsikia mwanao tangu siku alipoiona pasipoti. Kama utaondoka au hutaondoka, hilo haliamuliwi na idadi ya saa alizokaa bila maji, na mtoto asije akabeba maisha yake yote mawazo kwamba mama aliondoka kwa sababu yeye alikunywa glasi mbili.

Juu ya safari sitakukataza. Nina waumini walioko huko, wengine wamesomesha watoto vizuri, na wengine tumewapokea wakiwa wamevunjika. Ila "dada mmoja ananitafutia" haitoshi. Wakala awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, uthibitishe wewe mwenyewe huko huko kwenye Mamlaka, usikubali picha ya cheti iliyotumwa kwa simu. Mkataba uusome kabla ya kutia sahihi, na nakala ibaki kwa mumeo. Mtu akikuharakisha, kaa. Na kabla ya lolote, fanya alivyosema katekista: jumuiya ijue, paroko wako ajue, na mwalimu mkuu aombwe karo ilipwe kwa mafungu. Nimeandika barua za namna hiyo nyingi, na zaidi ya mara moja zimekubaliwa.

Jumatano nendeni misa wote watatu. Baba aegeshe tuktuk mapema. Uji wa asubuhi usisahaulike.

---

Mama_Maweni

Sawa Padre. Baba yake amesoma hapa kwenye simu yangu, ameketi nje barazani hajasema kitu, ila ameniuliza mkutano wa jumuiya ni siku gani wiki hii. Ni Alhamisi, kwa mama wa cherehani. Kesho namtafuta mwenyekiti.